Pete Namba Kumi na Saba

Kraśnik, Februari. Theluji imeziba madirisha ya maabara,
na ndani mitambo minane inanguruma
kama watu wanaosali bila kusikilizana.
Mimi ni Bogumiła. Kazi yangu ni kusubiri vitu vichoke.

Usicheke. Chuma huchoka.
Feleji iliyopikwa ikaiva, ikatoswa kwenye mafuta,
ikawa ngumu hata ikaicheka tupa,
siku moja, baada ya mizunguko milioni arobaini,
hubanduka kigamba chembamba kama ganda la kitunguu;
mtambo hutetemeka, taa huzima,
nami huandika saa.

Pete ishirini na nne ziliingia mwezi huu.
Kumi na mbili za kwanza kazikereza Radomir
kwa kerezo jipya, kwa ncha inayokaribia almasi.
Zilizobaki kazinoa baba yangu, Zenobiusz,
kwa jiwe, kama alivyonoa miaka thelathini na mmoja,
kwa sikio.

Ukizipanga juu ya kitambaa utachagua za baba.
Ndani ya kumi na saba niliona jino langu lililokatika.
Za Radomir zina mistari, vifereji vyembamba,
kama santuri ambayo wimbo wake umesahaulika.
Kizuri chajiuza, ndiyo,
lakini mtambo haukuja sokoni.

Kumi na saba ilikufa usiku wa nne.
Nilikuwa nakula tango la siki, mkono mmoja umelowa,
taa ikazima.

Kinachoua hakikai juu.
Kinakaa chini ya ngozi, mahali pembamba kuliko unywele,
ambapo kisu au jiwe lilipita likaacha neno.
Ncha kali hubana: punje za chuma husongana,
ufa ukija kubisha haupati pa kuingilia.
Ncha butu husugua, joto hupanda,
ngozi hugeuka nyeupe, ngumu, ya kuvunjika kama ukoko.
Na jiwe lililoziba, likinyimwa maji, huchoma;
tangu hapo chuma hujivuta chenyewe usiku na mchana
kama shati lililorudi kwa kufuliwa:
mishono iko tayari, inangoja bega.

Niliitosa kwenye tindikali. Nikahesabu pole pole.
Ikatoka ya kijivu, na ubavuni doa jeusi,
refu kama kidole gumba.
Mng'aro wote ule ulikuwa umelikalia.

Nikafungua daftari. Tarehe tisa, zamu ya usiku, sahihi yake,
ile Z inayoinama kama mtu anayetafuta kifungo sakafuni.
Tarehe tisa tulimlaza mama hospitali kule Lublin,
naye akaniambia ukumbini: nenda ukalale,
mimi nina pete za kumalizia.

Ningeweza kuandika, sababu haijulikani.
Safu ni nyembamba, nani angeuliza?

Alikuja asubuhi, theluji ingali kwenye kofia.
Akashika lenzi. Akaigeuza pete mara mbili, tatu,
akapitisha ukucha juu ya doa ingawa ukucha hausomi kitu.
"Nilisikia jiwe likilia," akasema.
"Nilidhani ni mimi."

Jumapili ikavunjika namba tano, ya Radomir:
ncha iliyopaswa kubadilishwa Alhamisi,
na Alhamisi watoto wake walikuwa na homa.
Basi wale wa ofisini wanaotaka jibu moja,
kerezo au jiwe, nunua hiki, uza kile,
sijui niwapelekee nini.
Nimewapelekea saa, na tarehe, na picha ya doa.

Namba nane bado inazunguka. Milioni mia mbili na kumi.
Ina mistari yake, haina sura.
Baba amevuta kiti, amefumba macho,
chai inapoa kwenye glasi,
anaisikiliza.