Mnyororo wa Namba Saba

Kotka, Januari, saa nane za usiku.
Theluji imeingia na kuufuta mstari wa njano mlangoni,
na Pelttari, msimamizi wa zamu, amenisimamia kichwani:
"Meli inangoja, Tuovi. Ni foklifti moja tu."

Moja tu.
Nimeiegesha, meno yake yamelala sakafuni,
ufunguo umo mfukoni mwa ovaroli langu,
usukani umevishwa kibao chekundu: USIGUSE.
Nimeanza na magurudumu, ndivyo nilivyozoea.
La kushoto limemeguka kidogo, litangoja Jumatatu.
Breki inashika. Honi inalia,
inalia kama mbuzi mwenye mafua, lakini inalia.
Mkanda wa kiti kuna mtu kaufunga kwa nyuma
usimsumbue. Nimeufungua, sikusema neno.
Chini ya silinda, tone la mafuta.
Nimelifuta kwa kidole, nikalinusa. La jana.

Mnyororo ndio ulionizuia.
Kwa macho ni mzima, unameremeta grisi.
Nimeuwekea kipimo, pingili kwa pingili,
nao umerefuka: tatu katika mia, na unywele juu yake.
Chuma hakipigi kelele kikichoka.
Kinajinyoosha tu, usiku hata usiku,
kama mtu anayejiongezea tundu kwenye mshipi.

"Jana ulibeba," asema Pelttari. "Juzi ulibeba."

Ndiyo. Na Ensio naye, asubuhi ya siku ile,
alikuja kazini kwa miguu miwili.

Hapo tukanyamaza wote.
Kikombe cha Ensio kiko bado rafu ya juu,
cha buluu, kina ufa,
hakuna anayekinywea, hakuna anayekitupa.

"Nitampigia meneja."
"Mpigie. Aje na kalamu yake,
atie saini hapa, chini ya yangu."
Akaitazama simu. Akairudisha mfukoni,
akaenda kuwaambia watu wa meli
chochote kile wasimamizi wanachowaambia watu wa meli.

Aatu, dereva, miaka kumi na tisa,
alikuwa nyuma ya marobota ya karatasi akisikiliza.
"Nimeiendesha wiki nzima," aniambia. "Sikusikia kitu."
"Hutakiwi kusikia. Ukisikia, umechelewa."
Nikampa kipimo. Akavua glavu,
akahesabu pingili, midomo ikimcheza,
akafika mwisho, akarudi mwanzo, akahesabu tena.
Hakuniuliza jibu. Alilishika mkononi.

Daftarini nimeandika: *Namba saba. Mnyororo. Haitoki.*
Wino ulikuwa umeganda kwa baridi,
ikabidi niipumulie kalamu kwanza.

Aatu amepanda namba nne, kongwe, mvivu wa kupandisha,
ambayo itatuchelewesha hadi kupambazuke.
Nimempa mgongo, nakusanya spana zangu.
Kabla hajaiwasha, nasikia mkanda:
tak.