Swali la Tano

Umeme umekatika Namakwekwe tangu saa moja,
nasahihisha kwa taa ya simu, simu imeegemea chupa ya soda.
Swali la tano, alama ishirini:
Kwa nini watu wa Ulaya walivuka bahari
kwenda kuupigania Yerusalemu?
Karatasi sitini na tatu,
na jibu langu mwenyewe linanirudia kwa miandiko sitini na miwili:
dini, ardhi, biashara, wito wa kanisa.
Nilivyowalisha ubaoni ndivyo walivyonitapikia.

Kisha Khainza, wa dawati la dirishani,
anayetazama maporomoko ya Wanale nikifundisha.
Hakuorodhesha kitu. Ameandika:

"Mwalimu, mimi naona kulikuwa na kijana, mtoto wa nne.
Shamba limeishia kwa wale watatu.
Baba akimwita, huanza na majina ya kaka zake
ndipo afikie lake.
Siku moja mhubiri akasimama sokoni akasema: wewe, hapo nyuma.
Hakuna aliyewahi kumwambia wewe.
Akashona msalaba begani usiku uleule,
na asubuhi mama yake akamkumbatia
kwa mara ya kwanza tangu aachishwe ziwa.
Angerudije ndani?

Na kule alikokwenda kulikuwa na mwingine,
aliyejificha kisimani mji ukiungua.
Alisikia sauti ya dada yake, hakutoka.
Miaka ishirini baadaye jihadi ilipotangazwa
yeye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote,
asiisikie ile sauti.

Mwalimu, hawa wawili walipokutana uwanjani
sidhani Mungu alipata upenyo wa kupita katikati yao."

Mwongozo unataka hoja kumi.
Hii ni hoja ngapi?

Baba yetu, Yokosani Mutenyo, alikufa mwezi wa kuchuma kahawa.
Kaka yangu Muzamiru, zamani Eriya,
alisema mzee alitamka shahada wiki ya mwisho, shahidi yeye.
Mimi nikaja na mchungaji
na cheti cha ubatizo kilicholiwa na mende pembeni.
Vijana wake wakachimba kaburi la kuelekea Kibla.
Wangu wakachimba lao, hatua tisa tu kutoka pale,
jembe likijibu jembe,
na maiti ndani ya nyumba ikingoja wanawe wamalize kumpenda.

Nilisema Biblia. Nilisema Biblia mpaka sauti ikakauka.
Sikusema kwamba Muzamiru ndiye aliyemwosha miguu miezi minane
huku mimi nikituma pesa ya dawa na salamu.
Sikusema kwamba jina la mwisho alilolitaja mzee
halikuwa langu.
Naye, aliyesoma aya mbele ya kijiji kizima,
hakusema neno juu ya mwaka ule ada ilipotosha mtoto mmoja,
nikavishwa viatu mimi,
yeye akabaki na mbuzi.
Wala ile mibuni mia mbili ya kando ya mto
hakuna aliyeitaja, ingawa sote tulikuwa tumeihesabu.

Mambo hayo hayana aya.

Alizikwa. Sitasema katika shimo lipi.
Lile jingine halijafukiwa mpaka leo;
mvua ya Aprili hulijaza, vyura wakahamia,
hukesha wakiitana humo
na hakuna aliyekwenda kuwauliza dini.

Khainza nimempa sita, kama mwongozo unavyotaka.
Nikafuta, nikaandika kumi na tisa.
Nikafuta tena, karatasi ikatoboka.

Simu imebakiza asilimia nne.
Natafuta namba ya Muzamiru, siioni.
Natafuta tena, polepole, herufi kwa herufi.
Kumbe niliihifadhi kwa jina la Eriya.