Mtafsiri

Mafinga, Juni, banda la Mama Kikoti
nyuma ya mashine ya mbao.
Mechi ni elfu moja. Leo mia tano,
maana leo ni filamu ya Luvanda, yule wa stoo,
aliyoipiga kwa simu yenye kioo kilichopasuka:
sakitu ikiyeyuka juu ya jani la chai.
Basi. Jani. Sakitu. Ufa wa kioo katikati.

Chengula ameshika kipaza sauti.
Majambazi wangapi wa Hong Kong
wamekufa wakiongea Kihehe kooni mwake!
Leo anakohoa tu.
"Hapa, jamani, jani linasema..."
Anaishia hapo.

"Hela yetu!" anafoka mpasua magogo,
ila hatoki. Nje baridi inang'ata, ndani kuna jiko.

Dakika ya ishirini tone linajikusanya kwenye ncha,
linanenepa, linaning'inia.
Wenye vumbi la mbao nywelani
wanalikodolea macho kama penalti.
"Bado," mmoja ananong'ona.
"Bado."

Umeme ukakatika.

Gizani, kabla jenereta halijakohoa,
tulimsikia Chengula, bila kipaza sauti:
"Limedondoka."

Hakuna aliyebisha.
Wala hela hatukudai.