Mshika Arieli

Mie picha ya kwanza sikuiona.
Nilikuwa juu ya bati, Kuze, nyumbani kwa Shafi Mbwana,
karani wa forodha, mwenye meno mawili ya dhahabu
na, tangu Ijumaa ile, mwenye televisheni.
Miaka kumi na mmoja, mbavu za kuhesabika,
mwepesi kuliko wote, bati halitabonyea:
kwa sababu hiyo nikakabidhiwa bomba la chuma
nikaambiwa, zungusha.

"Bado!"
Nikazungusha kuelekea Kisauni.
"Bado! Mchele mtupu!"
Nikaelekeza Likoni.
"Wawa wawili wawili! Rudi, rudi kidogo, we mtoto!"
Kidogo. Kama mtu anavyofungua mlango
na mamake kalala.
"Papo hapo! Usijitikise!"

Sikujitikisa.
Chini yangu watu sitini walivuta pumzi moja.

Nilichokiona mimi ni hiki:
karata zimeachwa kifudifudi juu ya mkeka, mchezo haujesha.
Mahfudh wa kahawa agonganisha vikombe, mara tatu, mara nne,
njia nzima imwitikie paka mmoja.
(Siku ya pili alihamishia dele mlangoni kwa Shafi,
akauza kuliko Ramadhani.)
Kizingiti cha Bi Mwanasiti kitupu,
pale tulipokuwa tukijibu "pakawa" hadi usingizi utubebe.
Nikadhani kaghadhibika na upuzi huu.
Kumbe yumo ndani, mstari wa mbele,
kavuta ukaya hadi puani kwa ajili ya msoma habari.
"Yule mwanamume yuwanitazama.
Mbona hapepesi matoye?"

Ikapita miezi miwili, akamzoea, akaacha kujifunika.
Akawa maharimu wake, yule wa kiooni,
akimwitikia salamu, akimsikitikia akipata mafua.
Hadithi hakutuhadithia tena.
Alisema zimemtoka. Alisema, ulizeni sanduku.

Kiingilio thumuni.
Asiye na thumuni, nazi. Asiye na nazi, asimame dirishani.
Ujira wangu hamri moja ya moto na ahadi:
kesho utakaa ndani.
Mfukoni mawe, kwani kunguru akitua juu ya arieli
msoma habari hukatika shingo,
na lawama ni zangu, si za kunguru.

Basi nikajifunza kuitazama kwa nyayo.
Kicheko kilipanda kwenye bati kikanitekenya.
Kilio kilikuwa kizito, hakikupanda.
Mpira niliujua kwa miti ya paa kulia.
Asubuhi wenzangu walinisimulia, kila mmoja lake,
nikazishona zile picha mwenyewe, kwa uzi wangu,
na mpaka leo sijui ipi ilionyeshwa, ipi ni yangu.

Dada yangu Salme akakata nywele kama yule mtangazaji.
Akapigwa. Wakakata wengine saba.
Mafundi wa Bondeni wakashona kola ndefu.
Maalim Shekue akalia kwamba safu ya Isha imepungua,
akalia mwaka mzima,
kisha bomba likasimama juu ya nyumba yake naye.
"Kwa ajili ya habari tu," alisema,
na aliyelizungusha ni mimi.

Sisemi zamani ilikuwa bora.
Watu walipigania mkeka hadi kuchaniana kanzu,
na Shafi, akikasirika na mmoja wetu,
huifunika televisheni kitambaa cha mezani
sote tukaenda zetu kama watoto wa mayatima.

Sasa mjukuu wangu Nadhir hucheka peke yake kibarazani,
kiganja chawaka, masikio kayaziba.
Nilimwuliza kachekeshwa na nini. Akanionyesha.
Sikuelewa, nikacheka.

Ila usiku mwingine, nikiamka kwenda msalani,
naukuta mkono wa kulia umekunjwa ngumi, umeshika kitu,
nami nimesimama kizani, sitaki kusogea.
Waliniambia papo hapo.
Hakuna aliyeniambia shuka.