Mizani ya Kapchorwa

Nilitoka Tororoni, asubuhi na mapema,
Mizani i mkobani, na mawe yake ya chuma,
Hewa tele kifuani, maneno nikiyasema,
Hesabu zimo kichwani, miguu yataka ngoma,
Sikujua mlimani, hewa nayo ni gharama.

Baada ya Sipi barabara ikaanza kujikunja.
Masikio yakaziba, yakazibuka
kwa mlio mdogo, kama kifuniko cha soda.
Pakiti ya biskuti mkobani ikavimba shavu,
nami nikaicheka.
Sikujua inanisema mimi.

Kapchorwa, wenyewe husema, ni nyumbani kwa rafiki.
Rafiki wa kwanza kunipokea
alikuwa baridi.
Wa pili Chesang, wa darasa la sita,
dumu la lita ishirini kichwani,
akipanda mlima huku akinihadithia
mtihani wa hesabu, mbuzi wao aliyezaa mapacha,
kaka yake anayekimbia alfajiri hadi Teryet na kurudi
hata chai hajaonja.
Nikamjibu: ehee.
Halafu: ee.
Halafu nikaegemea ua wa watu
nikitazama viatu vyangu.

"Mgeni, lete mkoba."
"Una chuma ndani. Mzito."
"Naona."
Akautwaa.

Mshororo wangu ulitoka Tororo
na mizani kumi na sita.
Hapa
umebaki na nane,
na nne,
na moyo
unaogonga vina ovyo.

Kwa Bi Cherukut maharage yalikuwa jikoni tangu saa sita.
Saa mbili usiku yalikuwa bado yanakaza roho.
"Maji ya huku," alisema, akichochea kuni,
"huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha.
Kama wanaume fulani."
Akanipa blanketi tatu.
Nililala chini yake nikihesabu pumzi zangu
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

Asubuhi, kituo cha kahawa.
Nikapanga mawe: kumi, kumi, ishirini.
Arobaini ya haki.
Mshale ukasimama thelathini na nane.
Nikashusha, nikapanga upya.
Thelathini na nane.
Kwenye foleni hakuna aliyeshtuka.
Mama mmoja, amekalia gunia lake,
aliendelea kupukuchua hindi la kuchoma
punje moja moja.
Walijua. Walijua tangu msimu wa mwaka juzi.
Ila kujua kwao hakukuwa na mhuri.

Msimamizi, Labu, akanivuta nyuma ya stoo.
Bahasha.
"Baridi hii, fundi. Ukanunue koti."
Nilikuwa na hotuba. Naapa nilikuwa nayo:
sheria, Mungu, jasho la wakulima,
nimewahi kuitoa mbele ya kioo.
Kifua kikaniambia: chagua neno moja.

Hapana.

Mizani tatu tu. Zilinitosha.
Nikafunga ile mashine kwa waya na risasi,
nikaandika kitabuni, mkono ukitetemeka,
kwa baridi, nadhani.

Chesang alikuwa getini, ametoka shule.
"Kwa hiyo kilo zetu mbili zilikuwa zinaenda wapi?"
Sikuwa na pumzi ya kumjibu.
Hata ningekuwa nayo.

Kwenye mteremko wa kurudi, kona baada ya kona,
hewa ikaanza kunirudia,
na pamoja nayo maneno yote, marefu, yenye vina,
yakijipanga kunisifu.
Nikayaacha yapige kelele mpaka Mbale.
Maana huku chini, penye hewa ya bure,
nimewahi kuijadili bahasha
kwa sentensi ndefu, nzuri sana,
na mwisho wake nikanunua koti.
Ninalo. Nilikuwa nimelivaa.

Nikafungua mkoba kutafuta kitambaa.
Mawe yote yalikuwepo, baridi bado.
Pakiti ya biskuti ilikuwa imenywea.