Kisanduku cha Tano

Fomu ina visanduku vitano,
nami naruhusiwa alama moja.

Ukaguzi. Kodi. Fedha. Usimamizi wa Biashara.
Cha tano kimeandikwa kwa herufi ndogo, kama kinaomba radhi:
Hisabati ya Bima na Majanga.

Nje, Ulaanbaatar, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Moshi wa makaa umeshindwa kupanda,
umejilaza juu ya mtaa wetu wa mahema.
Wino umeganda. Naipasha kalamu kwapani
kama mtoto anayepimwa homa.

Mama anashona viatu vya sufi, jozi ya tisa tangu asubuhi.
Anauliza bila kuinua macho:
"Huo ukaguzi, ofisi zake zina joto?"
Zina joto, mama.
"Basi chagua huo."
Anakata uzi kwa meno. Kwake kikao kimefungwa.

Munkhzul, tuliyekaa naye dawati moja miaka minne,
amekwenda zake kwenye Kodi:
nchi yaweza kukosa mvua, asema, haikosi kodi.
Profesa Luvsandorj asema nina kichwa cha Fedha,
kana kwamba Fedha ni kofia na saizi yangu ipo dukani.
Mjomba Gankhuyag, wa duka la vipuri, ataka Usimamizi,
maana anayesimamia hasimamiwi.

Wote wana jibu.
Mimi nina hesabu moja isiyofunga.

Tulifundishwa mwaka wa kwanza:
hakuna debiti isiyo na krediti,
kilichotoka huku kimeingia kule,
na mizania ikikataa kulala sawa, rudi nyuma,
kosa ni lako.

Haya. Kabla ya baridi: mbuzi na kondoo mia tatu na kumi na wawili.
Baada ya baridi: arobaini na mmoja.
Theluji iliyeyuka siku moja, usiku ikaganda,
majani yakafungiwa chini ya kioo.
Wanyama waliyaona.
Waligonga kwa kwato mpaka kwato zikatoka damu.
Mia mbili sabini na mmoja wametoka.
Wameingia wapi? Leja ya nani?

Mwaka huo nilikuwa mwanagenzi benki,
meza ya pili kutoka dirishani, kahawa ya bure.
Faili zilikuja wilaya kwa wilaya, nami nikagonga muhuri:
mkopo chefuchefu, mkopo chefuchefu, mkopo chefuchefu,
mpaka likafika jina ninalolijaza
kila fomu inapouliza mzazi.

Nikagonga.
Muhuri ulikuwa na wino wa kutosha.

Mama anajua benki ilijua.
Hajui mkono ulikuwa wa nani.

Uchakavu wa mashine ninauweza: asilimia kadhaa, miaka kadhaa.
Mbuzi hachakai.
Mbuzi yupo, halafu hayupo,
na katikati hapana mstari wa kuandika.
Hata neno lenyewe, dhima, lina nyuso mbili:
deni unalodaiwa,
na kazi uliyowekewa wewe.

Juzi nilichungulia chumba cha hao wa kisanduku cha tano.
Nyuma ya maktaba. Wanafunzi sita, makoti mwilini,
hita moja iliyokufa.
Ubaoni, jedwali: wilaya, na uwezekano wa majani kufungwa na barafu.
Yetu ilikuwa mstari wa nne,
imekosewa herufi moja.

Sikubisha hodi.
Niliingia, nikaifuta ile herufi kwa kidole,
nikaandika inayostahili.
Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.
Mmoja alinisogezea kiti.

Kalamu imelainika sasa.
"Umechagua?" auliza mama.

Ngoja kwanza, mama. Weka sindano chini.
Kabla sijatia alama
kuna jambo la muhuri nataka kukwambia.