Kokwa za Tende

Al Khoudh, Alkhamisi usiku, kiyoyozi kinakoroma,
tumekaa wanne juu ya zulia la marehemu mama,
tunacheza poka kwa kokwa za tende.
Fedha ni haramu; kokwa, alisema Mahfudhi, ni taka,
na hajafungwa mtu kwa ajili ya taka.
Lakini ungeona tunavyozihesabu
ungedhani khalasi zile zilichumwa peponi.

Miaka mitatu niliondoka mikono mitupu.
Mahfudhi anauza magari ya mitumba Wadi Kabir,
humjua mteja mwenye pesa kabla hajafunga mlango wa teksi,
na uso wangu kwake ni bango la barabarani.
Nikishika ree mbili, sikio linaniwaka.
Nikipiga mkwara, namimina kahawa asiyeiomba mtu.
"Weka chini, bwana," huniambia,
"hata kikombe kinajua huna kitu."

Ghaniya, binti wa dada yangu, anasoma hesabu chuoni.
Aliniketisha jikoni, akachora kwa kidole juu ya unga wa chapati.
"Mjomba, usijifunze kuficha uso.
Jifunze kutojua.
Dau likilingana na kilichomo bakulini,
katika dau tatu, moja liwe la uongo.
Ukizidisha, atakulipa kila mara mpaka akufilisi.
Ukipunguza, atatupa karata kila mara,
na ree zako zitakufa njaa.
Theluthi: akilipa, sawa; akitupa, sawa;
hana mlango wa kukuingilia."

"Na nani ataniambia sasa ni zamu ya uongo?"

Akagonga kioo cha saa yangu.
"Ukiwa na mbovu, tazama mshale wa sekunde.
Nusu ya kulia, piga mkwara. Nusu ya kushoto, lala."

"Hiyo si bahati nasibu?"

"Bahati ni ya karata. Hii ni adabu."

Basi, Alkhamisi ile.
Bakulini kokwa arobaini.
Uru tatu zimelala zuliani kama wageni wasiotaka kuaga,
na mimi nina saba ya pau na mbili ya kopa: uchafu.
Mshale: sekunde ya kumi na saba.
Nikasukuma arobaini.

Mahfudhi akanikagua.
Akatafuta sikio: baridi.
Akatafuta mkono: umetulia gotini.
Alikuwa anasoma barua
ambayo mwandishi wake hakuwapo nyumbani.

Akalipa.
Zikaenda zote arobaini, na kicheko juu yake;
Harithi alicheka hadi kofia ikamtoka.
Nikatoka barazani, nikampigia Ghaniya.
"Umecheza sawa," akasema.
"Nimepoteza!"
"Hayo ni mambo mawili, mjomba. Ni ndugu, siyo mapacha."

Saa sita usiku nikashika ree mbili,
na ya tatu ikaanguka zuliani bila kubisha hodi.
Niliitazama saa vilevile, kama kila mara,
maana jicho nalo ni ulimi.
Nikasukuma sitini.
Mahfudhi akaikumbuka saba yangu ya pau,
akatabasamu, akalipa.
Uongo wa saa tatu ulilipia ukweli wa saa sita.

Sisemi hesabu hushinda. Wiki iliyofuata nilinyolewa bila maji.
Na kwa Sefu, ambaye hajui kudanganya tangu azaliwe,
saa naifunika kwa mkono wa kanzu:
akisukuma dau, natupa karata, namshukuru.
Theluthi ya Ghaniya ni ukuta.
Ukuta haumpigi mtu;
unakupa pa kuegemeza mgongo
mpaka ujue aliye mbele yako ni nani.

Nikarudi Mawaleh, viatu mkononi.
Rayyana alikuwa macho, anakunja nguo za watoto.
"Umeshinda?"
Nikainamisha jicho, kidogo tu, kwenye kifundo cha mkono.

"Kabla hujanijibu," akasema,
"ivue kwanza hiyo saa."